Kwa Nini Nilibakiza Ngong

Nyinyi vijana mnaopanda ngazi za duka la Kiprono pale River Road kukodi viatu vya mlima, mkinikuta nimekaa kwenye kiti cha plastiki mnaniuliza, mzee, tuanze na mlima gani? Anzeni na wowote. Mlima wa kwanza hauna neno, hata ukiwashinda mtasema mlikuwa na homa. Swali lenye uzito ni mlima gani mtaubakiza mwisho, na hilo hakuna anayeniuliza kwa sababu bado mna magoti.

Mimi nilikuwa mpishi wa mlimani. Jina langu ni Wafula, lakini kila mtu ananiita Shefu, na wako walionizoea miaka mingi ambao hawajui kama nina jina jingine. Kazi yangu ilikuwa kupanda na sufuria, kufika kambini kabla ya wageni, na kuhakikisha kwamba mtu akitokea kwenye kona akiwa amekata tamaa kabisa, anapokewa na harufu ya supu. Nilianza kazi hiyo nikiwa na nywele, nikaendelea nayo bila nywele, na nimestaafu juzi tu magoti yalipoanza kunijibu vibaya.

Niwape ya jikoni kwanza, kwa sababu ndiyo ninayoyajua.

Usipande na maharagwe mabichi. Huko juu maji yanachemka upesi kabla hayajapata moto wa kutosha, yanafoka tu bure, na maharagwe utayakuta magumu vilevile kama yalivyotoka gunia. Yachemshe nyumbani mpaka yalegee, kule juu uyakaange tu. Mayai yafukie ndani ya unga wa ugali. Hayatavunjika, na unga bado utausonga. Kiberiti kikae kifuani ndani ya shati, usije ukajivunia laita ya kubonyeza, maana baridi ikizidi hizo hugoma. Na ikifika saa ya chai, kaanga bisi. Nimeona wanaume wazima waliokuwa wakiomba kurudishwa kwa mama zao wakinyamaza mara tu bakuli la bisi lilipowekwa mezani.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Githinji, mtu mfupi mwenye koti la jeshi ambalo hakuwahi kutuambia alilitoa wapi. Alinikataza kuwaangalia wageni usoni. Uso unadanganya, alisema, angalia sahani. Anayerudisha supu yake mchana ndiye utakayemsindikiza chini kesho asubuhi. Hakukosea hata mara moja, na wageni walidhani ana dawa.

Safari yangu ya kwanza naye nilitaka kujionyesha. Nikasonga ugali kambi ya juu kabisa, sufuria kubwa, nikijua mimi ni mtoto wa Bungoma na ugali ni damu yangu. Ukakataa kuiva. Ukatoka kitu katikati ya uji na saruji, wenye mabonge ya kutosha kujengea choo. Nilitaka kuumwaga nyuma ya mwamba. Mzee Githinji akanishika mkono, akaunyunyizia kitunguu kilichokaangwa, akawaambia wageni kwamba hicho ni chakula maalumu cha mlimani na hakipatikani mjini. Wakaomba nyongeza. Mwaka uliofuata mmoja wao akarudi na rafiki zake, akaagiza kile chakula, nami nilihangaika jioni nzima nikijaribu kukosea vilevile.

Sasa, kuna jambo moja ambalo watu wa mjini hawalijui kuhusu mpishi wa mlimani. Hafiki kileleni. Wageni wakiondoka kambini kungali giza na kiongozi wao, mpishi anabaki. Akienda naye, uji wa kuwapokea atauchemsha nani? Mzee Githinji alizeeka bila kukanyaga kilele hata kimoja, na ukimuuliza alikuambia hajawahi kumwona mtu aliyeshiba kilele. Nami nikafuata nyayo zake. Lenana, Satima, Kinangop, Elgon, Longonot, yote nimepika kwenye miguu yake au mabegani mwake. Hata Ngong, ambayo ukiamka asubuhi kwetu Kangemi unaiona kule ng'ambo imejikunja, niliishia langoni nikichoma nyama huku wenzangu wakienda juu na kurudi.

Wateja wangu wakubwa walikuwa kikundi cha Muthangari. Wanakutana nyumbani kwa Daktari Muthoni, daktari wa meno, mwanamke mwenye sauti ya upole ambaye akikuambia fungua mdomo unafungua hata kama mko sokoni. Wana orodha yao ya vilele vya nchi hii, na anayeimaliza anavishwa kofia nyekundu ya sufu. Wana desturi pia. Mwenye kumaliza ndiye anayeamua mlima gani utakuwa wa mwisho, na siku hiyo wenzake wote wanatangulia, wanamsubiri juu. Kipande cha mwisho anakitembea peke yake, hakuna wa kumshika mkono wala kumbebea maji, mpaka awafikie.

Ndiyo maana nasema kuchagua mlima wa mwisho si mchezo. Tulikuwa na wakili mmoja aliyeacha ule mgumu kuliko yote uwe wa mwisho, ili apate heshima. Mara ya kwanza mvua ikamrudisha. Mara ya pili tumbo. Mara ya tatu tukafika kambini ukungu ukiwa mzito hata sikuiona sufuria yangu mwenyewe. Siku alipofika hatimaye, waliokuwa wakimsubiri juu walikuwa wameganda, wamenuna, na hakuna aliyekumbuka kumvisha kofia. Alishuka akiichukia milima yote, hata ile aliyokuwa ameipenda. Mwingine alikuwa mhasibu, mtu mpole, ambaye alibakiza Longonot na hakwenda. Kila akialikwa ana mafua. Nilimpelekea chai siku moja nikamuuliza kwa nini. Akaangalia huku na huku, akaniambia akimaliza orodha hatakuwa na sababu ya kutoka nyumbani Jumamosi.

Nilipostaafu, kikundi kikanifanyia karamu pale kwa Daktari Muthoni. Tulikula vizuri, na sikupika mimi. Halafu daktari akasimama na kofia nyekundu mkononi, akasema Shefu amefika milima mingi kuliko sisi sote, leo tunamvisha. Watu wakapiga makofi. Mama Nafula, mke wangu, alikuwa ameketi kando yangu akaacha kutafuna. Nikainuka nikawaambia asanteni, ila kuna kasoro ndogo, sijafika kilele hata kimoja.

Walicheka sana. Kisha wakaona sicheki nao, wakanyamaza mmoja mmoja. Daktari Muthoni akairudisha kofia mfukoni. Akasema basi tunaanza mwezi ujao, na safari hii Shefu ni mgeni, atakayemwona ameshika mwiko amnyang'anye.

Vijana, msitamani kubebwa. Mimi niliyekuwa nikiwapigia watu kelele kutoka mlango wa hema, polepole, polepole, nilikwenda mbio kama niliyechelewa kazini, nikakalia jiwe nikiona nyota za mchana. Kutoka kambini kwenda chini najua kila jiwe. Kutoka kambini kwenda juu nilikuwa mgeni kama mgeni mwingine, nikishikwa mkono na watu niliokuwa nikiwapangusia makamasi. Na chakula, Mungu wangu. Daktari wa meno alipika wali kambi ya juu, nadhani ili apate wateja. Niliula wote, kwa sababu Kiprono, kiongozi wetu na rafiki yangu wa tangu ujana, alikuwa ananitazama sahani.

Hata hivyo nilifika. Elgon nikafika, Longonot nikafika, Satima nikafika, Kinangop nikafika nikiwa na tope mpaka masikioni. Mwaka ukazunguka. Mwishowe ikabaki miwili, Lenana na Ngong, na hapo ndipo mimi na Kiprono tukakosana.

Tulikuwa dukani kwake tukinywa chai. Yeye alishapanga kila kitu kichwani: Lenana mwisho, theluji nyuma, bendera mkononi, picha kubwa ya kuning'iniza ukutani wateja waione. Nilipomwambia Lenana tutaenda kwanza na Ngong nitaibakiza, aliweka kikombe chini.

"Shefu, wacha mchezo," alisema. "Ngong hata watoi wa praimari hupanda na sare ya shule. Utavaa hiyo kofia aje?"

Nikamwambia nitaivaa kichwani. Hakucheka. Ilinibidi nimweleze ukweli, na sasa nawaeleza nyinyi.

Nilitaka Mama Nafula awe juu siku hiyo. Basi. Nafula wetu alizaliwa nikiwa mlimani nakaanga vitunguu, na habari ilinifikia nikiwa nashuka. Mvua iliezua bati letu Kangemi nikiwa mlimani. Mama mkwe alipokuja kutoka Bungoma kunisalimia, alisalimia kiti changu. Mama Nafula aliuita mlima mke mwenza, na aliapa, tena mbele ya shemeji, kwamba mguu wake hautakanyaga kwa huyo mwanamke. Hakuwahi kulia wala kunifungia mlango. Aliuza mboga zake sokoni, akalea watoto, akanikaribisha kila niliporudi nikinuka moshi. Nilimpenda na nikawa na aibu naye. Niliona nikivishwa kofia bila yeye, nitakuwa nimefanya tena kile nilichofanya maisha yangu yote.

Na mlima pekee ninaoweza kumfikisha mama wa umri ule, anayeuza mboga na hajawahi kupanda kitu zaidi ya ngazi za benki, ni Ngong. Kiprono alisikiliza, akavuta kikombe chake, akasema sawa, lakini ile picha ya Lenana ataipiga vilevile. Tukaenda Lenana, nikafika, akaipiga. Iko ukutani pale. Huyo anayeonekana kama gunia lililovishwa miwani ni mimi.

Kazi iliyobaki ilikuwa kumwandaa Mama Nafula bila yeye kujua anaandaliwa. Hapo nilitumia akili zangu zote. Nilimwambia daktari wa hospitali amesema nitembee jioni kwa ajili ya presha, nami naogopa kutembea peke yangu. Daktari huyo hakuwa amesema kitu. Basi tukawa tunatoka Kangemi jioni, tunavuka Waiyaki Way, tunateremka na kupanda mpaka Muthangari kwenye barabara zenye miti, tunarudi. Kila wiki nilirefusha kidogo. Nilijipongeza sana. Baada ya wiki chache alikuwa akinitangulia kwenye vilima, ananisubiri kwenye kona mikono kiunoni, wala hahemi. Nikamwambia Kiprono kwamba kama kuna mwalimu wa mlima nchi hii, ni mimi.

Nikamnunulia viatu vya mtumba, vizuri, soli ya meno. Akavijaribu akasema vinambana, atatumia raba zake. Raba zenyewe zilikuwa zimelika kwenye vidole, nami nikadhani ni kusimama sokoni. Pindo la leso yake mara nyingi lilikuwa na mbegu za nyasi zile zinazong'ang'ania nguo, hasa akitoka kwenye maombi ya akina mama wa kanisa, yale ya Jumamosi. Nikadhani wanaombea kwenye uwanja wa shule. Mimi ninayeweza kukuambia nani atarudi chini kwa kuangalia bakuli la supu, niliangalia hizo mbegu miaka na miaka nikaona mbegu tu.

Wiki ya mwisho nikamfungulia moyo. Nikamwambia Jumamosi namaliza, na nimeichagua Ngong kwa ajili yake. Nitakwenda mwendo wake. Nimeshaomba ruhusa desturi ivunjwe, atembee nami mpaka mwisho.

Alikuwa anachambua mrenda. Hakuinua kichwa.

"Jumamosi hii niko na maombi, Baba Nafula," alisema. "Wamama wananitegemea. Wewe enda tu."

Nilimbembeleza. Nikamwambia Mungu yuko hata Jumapili. Akasema anajua. Nikatoka nje nikajifanya naangalia bati. Vijana, niliumia. Sikuwa na haki ya kulalamika, maana hilo jibu ndilo nililompa mimi kila alipohitaji nibaki, kwamba niko na kazi, watu wananitegemea. Lakini kuumia hakungoji haki. Nilitaka kuahirisha. Daktari Muthoni akanijibu kwa simu kwamba watu wamekwisha kujipanga, tena kwa sauti ile ya fungua mdomo. Nikasema sawa.

Jumamosi nikafika langoni na begi langu. Askari wa msitu, kijana mchangamfu, aliangalia jina langu, akaniangalia mimi.

"Kumbe wewe ndiye bwana ya Mama Nafula," alisema. "Karibu sana, mzee."

Nikafikiri labda huwa anapita sokoni Kangemi kununua mboga. Mama Nafula anajulikana sana kwa mrenda.

Kikundi kikatangulia kama desturi ilivyo. Nikatembea juu ya mgongo wa vilima, kimoja baada ya kingine, upepo ukinisukuma kama askari wa kanjo anayefukuza wachuuzi. Watu wanaoidharau Ngong hawajaipanda na goti la kustaafu. Kila ukidhani umemaliza, kilima kingine kinainuka mbele yako kinakusalimu. Kiprono alinifuata mpaka chini ya kile cha mwisho, akasimama hapo. Akanigonga bega akasema kutoka hapa ni wewe na Mungu. Nikaona anazuia tabasamu, nikadhani ni goti langu analolicheka.

Nikapanda peke yangu. Nilikuwa nikifikiri yale ya yule mhasibu, kwamba labda naye angekuwa na busara, labda ningeibakiza Ngong isiishe kamwe, niendelee kuwa na tumaini la kumleta. Nilikuwa karibu kugeuka. Halafu upepo ukaniletea kuimba.

Sikio la mpishi linajua kikundi chake. Wale wa Muthangari hawajui kuimba, hata wimbo wa taifa wanaukosea. Hizi zilikuwa sauti za akina mama, nzito, zinapokezana, na wimbo ulikuwa ule wa kwetu wa Kiluhya ambao huimbwa kanisani Kangemi. Nikainua kichwa. Juu kabisa palikuwa na vitambaa vyeupe vya kichwani, safu nzima, na kikundi changu kikiwa kimebanwa kando kama wageni walioingia harusi isiyo yao. Daktari Muthoni ameshika kofia. Na mbele ya wote, ameketi kwenye jiwe ambalo ni wazi amelikalia siku nyingi, Mama Nafula, raba zake miguuni, thamosi mapajani.

Nikafika mbele yake. Akamimina chai kwenye kifuniko.

"Umechelewa," alisema. "Karibu ipoe."

Nikaishika ile chai kwa mikono miwili. Nimewamiminia chai watu wengi sana waliotoka kwenye baridi, na hakuna siku hata moja mtu alikuwa amenisubiri mimi juu na chai. Nilimwambia hivyo. Nililia pia, na Kiprono akapiga picha, lakini hiyo haiko ukutani.

Nikamuuliza umeanza kuja hapa lini. Akasema tangu Nafula akiwa mtoto wa mgongoni. Akina mama walikuwa wakija kuombea hapa, akaja nao mara moja, na baada ya hapo hakuacha. Nikamwambia, lakini uliapa hutakanyaga mlima. Akasema aliapa hatakanyaga wangu. Kisha akanigeuza mabega kuelekea kaskazini, akanyoosha kidole. Kulikuwa kweupe, na mbali kabisa, juu ya ukungu wa mji, palikuwa na jino dogo jeusi lenye weupe pembeni. Mlima Kenya, wenye kile kilele cha Lenana. Sikuwa nimejua unaonekana kutoka hapa.

"Hapo ndipo ulikuwa unakaa," alisema. "Sasa ulidhani miaka hiyo yote tulikuwa tunaombea nini huku juu?"

Daktari Muthoni akanivisha kofia, ikanishuka mpaka machoni, na hilo lilinisaidia. Akina mama wakaimba tena. Chai ilikuwa na tangawizi ya kutosha kumfufua ng'ombe, na mtu yeyote wa jikoni angesema jambo. Nikanywa yote, nikaomba nyongeza.

Tulipokuwa tunafunga mizigo, Mama Nafula aliniuliza kama orodha yangu imekwisha kweli. Nikasema imekwisha, Jumamosi zote sasa ni zako. Akamwangalia mwenyekiti wa akina mama, mwenyekiti akamwangalia yeye, nikajua nimenaswa. Kumbe wanataka kwenda kuombea Longonot, na baadaye Satima, na hawana wa kuwapikia. Nikawaambia mpishi amestaafu.

"Atapika," Mama Nafula aliwaambia wenzake, akinitwika thamosi begani. "Lakini huyu wetu habaki kambini."